Mpima Usingizi wa Ghorofa ya Tano

Jirani yao, fundi wa mageti, anaapa mpaka leo kwamba yule mwoka mikate aliingizwa katika hoteli kubwa kwa machela, amebebwa na wanaume wanne, huku mumewe akimpepea kwa kofia. Fundi wa mageti huongeza chumvi hata penye chumvi. Machela haikuwepo. Mwanamke aliingia kwa miguu yake mwenyewe, ila alikuwa akisinzia huku anatembea.

Mumewe watu walimwita Kiyoyozi. Ungemwendea unafoka, akakupulizia maneno mawili matatu, ukaondoka umepoa na mfuko umepungua uzito. Kazi maalumu hakuwa nayo. Mwenye kazi alikuwa mkewe: usiku kucha anakanda na kuoka, asubuhi anarudi na unga mpaka kwenye nyusi, anajitupa kitandani. Hapo ndipo ng'ambo ya ukuta fundi wa mageti anapowasha msumeno wa kukatia vyuma.

"Mume wangu," alisema siku moja, "maneno yako nimeyala mpaka nimeshiba. Sasa nipe usingizi wa mchana mmoja tu. Ukishindwa, narudi kwa mama. Kule kelele ni za kuku peke yake."

Alisema taratibu, bila chozi, na hilo ndilo lililomtisha Kiyoyozi. Akavaa koti lake la shughuli, akaenda mjini kutafuta usingizi kama wengine wanavyokwenda kutafuta nyanya.

Alipita kwenye ile hoteli ya kifahari wakati mteja mmoja, mwenye mkoba wa ngozi, anagombana na meneja. Meneja alikuwa mama wa makamo mwenye tabasamu lililokwisha kuchoka.

"Kwa bei hii," mteja alikuwa akisema, "kitanda kinanilaza au kinanizaa upya?"

Kiyoyozi akasimama. Kichwani mwake taa ikawaka.

Kesho yake asubuhi alirudi na mkewe, moja kwa moja kutoka kwenye mikate.

"Mama meneja, watu wanauliza kama hoteli yako inastahili bei yake. Huwa unawajibu nini?"

"Nawaambia kuna marumaru, kuna bwawa la kuogelea…"

"Nani analala kwenye marumaru? Mimi ni mpima usingizi. Nikisema inastahili, hakuna atakayefungua mdomo."

"Kifaa cha kupimia kiko wapi?"

"Huyu hapa." Akamwonyesha mkewe aliyeegemea nguzo, kope zimefunga. "Mlalaji wetu. Tafadhali usimguse bega, utamtoa kwenye vipimo."

"Sasa mbona mchana?"

"Usiku, mama, kila mtu hulala, hata kwenye benchi la stendi. Kitanda cha kweli hupimwa jua likiwa kali."

Meneja alitafuta kosa katika hoja hiyo, akakosa pa kushika. Wakapewa chumba ghorofa ya tano.

Mwanamke alivua viatu, akagusa shuka, na kabla kichwa hakijafika kwenye mto alikwisha zama katika usingizi wa pono. Mume mwingine angeshukuru, angekaa kimya, na hadithi ingeishia hapo. Kiyoyozi akaagiza kuku mzima, kwa kuwa njaa hukoroga vipimo. Kisha akaagiza wa pili, wa kulinganisha.

"Majibu vipi?" meneja aliuliza jioni.

"Leo tumepima kitanda. Kesho mto. Shuka ina siku yake, na mapazia usiyaguse kabla sijasema."

Ikawa kila asubuhi mwoka mikate anatoka kazini anakuja kulala, na Kiyoyozi ananenepa.

Kumbe mkewe alikuwa anakoroma. Kulikuwa ni kukoroma kwa mtu aliyesamehewa kila kitu: kunapanda polepole, kunatua, kunapumzika. Wageni wakipita ukumbini walipunguza mwendo. Yule mwenye mkoba naye akapita, akasikia, akamshika meneja mkono.

"Nani huyo?"

"Mteja wetu."

"Nipe kitanda kama chake." Hakuomba hata punguzo.

Meneja hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Tangu hapo kila aliyesita kwa sababu ya bei alipandishwa ghorofa ya tano, akasimamishwa mlangoni, akasikiliza kwa adabu, akashuka kulipa.

Kiyoyozi, bila habari, akaona wakati wa kuvuna umefika. "Vipimo tayari, mama. Imebaki cheti tu, na cheti kina gharama zake."

"Cheti cha nini tena? Watu wanajisikilizia wenyewe." Tabasamu la meneja sasa lilikuwa limelala vizuri. "Mlalaji nimemwajiri. Mshahara unazidi wa mikate, na anakaa humu humu. Nimemuuliza kama na wewe ubaki."

Kiyoyozi akamgeukia mkewe, aliyekuwa akipiga miayo kwa raha. "Mwambie, mke wangu!"

Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama kiatu alichokipenda lakini kinambana.

"Huyu," akasema, "ndiye anayenitoa kwenye vipimo."

Walinzi wakamtoa kwa heshima zote.

Alikaa nyumbani na msumeno wa fundi wa mageti kwa siku kadhaa, bila mtu wa kumpulizia maneno. Mchana mmoja akapanda ngazi za nyuma mpaka ghorofa ya tano. Mlangoni alikuta kundi la wateja wamenyamaza, masikio yameelekea mbao.

"Nipisheni, ni mke wangu!"

"Shh!" bibi mmoja akamkemea. "Kila mtu hapa angetamani kusema hivyo."

Kiyoyozi akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mke wangu," akanong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuwa na koti wala mpango. "Nifungulie. Nitalala chini, kwenye zulia. Sitasema neno hata moja."

Kukoroma kukakatika. Ukumbi mzima ukashika pumzi.

Kisha kukaanza tena, polepole, kukapanda, kukatua.