Kitabu cha Nane Elfu na Ushee

Jumatatu, 4 Novemba

Basi, nilikuwa nasema, kabla yule wa kabati namba kumi na tisa hajaja kujilaza mezani na kunikatisha. Namba. Asubuhi kitabu changu kilikuwa cha 8,214 kwenye orodha ya mauzo. Nikanywa supu ya miche ya soya, nikaangalia tena. 8,216. Nani hao wawili walionipita mimi nikiwa na kijiko mdomoni? Watu hawana kazi za kufanya?

Kitabu chenyewe kinaitwa "Miaka Ishirini na Sita ya Usafi". Nimekiandika kwa mkono wangu huu huu wa kusugulia. Kinahusu migongo niliyoisugua humu kwenye hamamu la wanawake, hapa Masan, na maneno niliyoambiwa na wenye migongo. Mtu akishalala kifudifudi hana nguo, hafichi kitu. Majina nimeyabadilisha. Kidogo. Binti yangu Ji-won alikiweka kwenye duka la vitabu la mtandaoni alipokuja sikukuu ya mavuno, akarudi zake Seoul, akaniachia neno la siri. Mtu akiagiza, duka linachapa kimoja, linampelekea. Hakuna wa kukupangia wala kukukatalia. Ndiyo maana nimekuwa mwandishi.

Sasa taabu ni hii. Maktaba ya mtaa ina siku ya waandishi Jumamosi. Kiti kimoja. Waandishi tuko wawili: mimi, na Mama Tae-gyu mwenye saluni ng'ambo ya barabara. Yeye kaandika mashairi arobaini kuhusu theluji. Masan hapa! Theluji yenyewe inakuja mara moja kwa miaka mitatu, tena inaondoka kabla ya chakula cha mchana. Bi Tak wa maktaba hataki lawama, maana wote tunamjua mama yake. Kwa hiyo kasema lile duka liamue. Atakayekuwa juu zaidi kwenye orodha ya kundi la kitabu chake Ijumaa saa sita mchana, ndiye anakaa.

Mama Tae-gyu ni wa 6,950 kwenye mashairi. Mimi ndiyo hivyo, wa 8,216 kwenye maisha ya kila siku.

Kile kiti nilikiona mwaka jana. Mbele yake kuna kibao cha jina. Mimi shule niliishia la sita, nikaingia kiwanda cha nyuzi, na tangu hapo sijaitwa mbele ya watu ila kugombezwa. Nakitaka kile kiti.

Jumanne, 5 Novemba

Hamamu limefungwa, siku ya kuosha sakafu. Nikamaliza mapema, nikaenda kukunjwa nywele. Ndiyo, kwake. Saluni nyingine iko mbali, na nilitaka kupeleleza.

Kosa. Ukishafungwa vile vijiti kichwa kizima huwezi kukimbia. Mama Tae-gyu akasubiri mpaka viti vyote vimejaa, ndiyo akauliza, taratibu, huku anapaka dawa:

"Mama Ji-won, ile uliyonitajia jana ni namba ya kitabu au namba ya simu?"

Wakacheka mpaka wa kwenye kikaushio, ambaye hata hasikii. Nikasema namba ndefu ni dalili ya heshima. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Halafu nimemzidi umri kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Miaka kumi na minne tunajuana, hajawahi kuniita dada hata siku moja. Yeye ananiita Mama Ji-won kama karani wa serikali ya mtaa.

Nywele zimetoka vizuri lakini. Hilo siwezi kumnyima.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata! Akili inakuja ukiwa umeloa.

Kazi yetu ni hivi: mteja analala, nasugua upande mmoja, nampiga kofi dogo la paja, anageuka. Hatusemi neno. Leo nikapiga kofi, mteja akaanza kugeuka, nikamshika bega. Nikamwambia ngoja kwanza, huu upande wa pili unasubiri jambo dogo. Umeshanunua kitabu changu?

Mwenzangu, nani atatoka nje mkono mmoja wa waridi na mwingine wa kijivu? Wa kwanza alikubali papo hapo. Wa tano akabisha, nikaenda kunywa maziwa ya ndizi, niliporudi kakubali. Mmoja kasema huu ni utekaji nyara. Nikamsugua vizuri zaidi, akasamehe.

Tatizo lilikuwa simu. Simu haziruhusiwi ndani, na ni haki, mtu asije akapiga picha makalio ya watu. Basi nikawapeleka mmoja mmoja mapokezi, wamejifunga taulo, wakaagizia kwenye tableti ya Gil-ja, mwenye hamamu. Gil-ja akawa anamenya mayai yake, anabonyeza, anamenya. Kufika jioni maganda ya mayai yamejaa hadi kwenye kioo. Watu kumi na wanane! Bega langu limekufa, lakini nacheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

8,190.

Nimerudia kuangalia mara tano. Watu kumi na wanane, nimepanda ngazi ishirini na sita. Nikapiga simu dukani. Msichana wa huko ana adabu mpaka inaudhi. Kanieleza kwamba oda zote zimetoka kwenye akaunti moja, siku moja, kwenda mlango mmoja, na kwenye orodha mnunuzi wa hivyo anahesabika mtu mmoja. Nikamwambia ni watu kumi na wanane, nimewasugua mimi, nawajua kuliko mama zao. Akasema anaelewa hisia zangu. Hakuzielewa.

Kwa hiyo kwa duka lile, mnunuzi wangu ni mmoja, naye ni Gil-ja, ambaye hasomi hata karatasi ya umeme. Gil-ja amenuna.

Mchana nikarudi nyumbani. Mume wangu anamenya vitunguu saumu vya kimchi, kabichi ya kuchachusha ya mwaka mzima, gunia zima. Nikamlilia. Yule mtu haongei, kwa siku anatoa maneno kumi na moja, lakini leo kainua kisu akasema:

"Hamia kundi dogo. Penye vitabu vichache huwezi kuwa wa nane elfu."

Miaka thelathini na moja nimeishi na mtu huyu, kumbe ana akili.

Tukakaa na simu, vidole vinanuka saumu. Makundi yako mengi kuliko mitaa ya Masan. Mashairi, mapishi, sungura wa kufuga. Mwisho kabisa, huko chini kwenye mitihani ya leseni, tukaona moja: Usafi wa Majengo. Vitabu saba, vyote vya miaka ya nyuma. Usafi! Na changu kinaitwaje? Nikaingiza neno la siri, nikabonyeza. Hapo hapo nikawa wa nane. Mume wangu karudi kwenye vitunguu vyake. Maneno yake ya leo yameisha.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi, wa tatu. Sijamsugua mtu, sijamshika mtu bega.

Saa nne, wa pili.

Saa sita kasoro dakika kumi, WA KWANZA. Pale juu kabisa, na kitaji kidogo chekundu pembeni ya jalada. Wanaagiza watu nisiowajua, kutoka Daegu, kutoka Incheon, wengine wanataka kifike leo leo. Nilijua tu, kitabu kizuri kinajitembeza.

Mume wangu kaleta maelezo ambayo sikumuomba. Anasema mtihani wa leseni ni Jumapili, na watahiniwa siku zote wananunua kitabu kipya kuliko vyote, cha mwaka huu, bila kufungua ndani. Cha mwaka huu kilikuwa changu peke yake. Nikamwambia wivu haumpendezi.

Nikakimbia maktaba na viatu vya hamamu. Mama Tae-gyu alishafika. Kwaya yote ya kanisa lake imenunua theluji, kapanda hadi 6,104. Akaonyesha kwanza. Nami nikaonyesha.

Bi Tak kasoma jina la kundi, kavua miwani, kaifuta, kasoma tena.

"Mama, lakini hapa pameandikwa mtihani."

Nikamuuliza kwani maisha si mtihani. Nikamkumbusha alivyosema mwenyewe, orodha ndiyo itaamua, na kwamba mama yake anakuja kwangu kila Jumatatu. Kaandika jina langu kwenye kibao. Kwa wino mweusi. Bae Mal-sun, Mwandishi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekaa.

Kiti kina mto. Hilo sikulijua. Maji ya kunywa kwenye glasi, kipaza sauti, na kibao. Mwaka jana walikuja watu tisa, sita wamesinzia. Leo chumba kimejaa, wengine wamesimama ukutani. Vijana, wazee waliostaafu, wanawake wenye majaketi ya kazi. Kila mmoja na kitabu changu, na kalamu za rangi nne nne. Macho mekundu, hawajalala.

Nikaanza na sura ya pili, ile ya mke wa mwenye duka la samaki na alama ya meno mgongoni. Watu hawakucheka. Wanapiga mistari ya njano. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza:

"Mwalimu, sakafu ya marumaru inaoshwa kwa dawa gani?"

Mwalimu! Mimi! Nilishika meza. Nikamwambia siki, baba, siki na maji ya moto, mwaga isikauke. Wakaandika wote, kalamu zinalia kama mvua. Ngazi ya kukunja inasimamishwa vipi? Muite mume. Dawa mbili zinachanganywa kwa kipimo gani? Kwa pua, ikikuwasha acha. Nilijibu saa moja na nusu. Maishani mwangu sijawahi kusikilizwa hivyo na watu waliovaa nguo.

Mwisho wakainama wote kwa pamoja. Nikainama mimi, nikagonga kipaza sauti na paji la uso.

Mama Tae-gyu alikaa nyuma, mikono kifuani. Watu walipotoka akaja mbele polepole, uso umemwiva, akaninong'oneza:

"Dada, hawa kesho wana mtihani. Siki inakula marumaru."

Kaniita dada! Miaka kumi na minne! Nilimshika mikono, machozi yakanitoka. Alisema na mengine lakini sikuyasikia.

Jumatatu, 11 Novemba

Jana nililala kutwa, uchovu wa umaarufu.

Leo duka limekitoa kitabu kwenye kundi, kimerudishwa kwenye maisha ya kila siku. Sijali. Wasomaji wameanza kuweka nyota. Nyota moja moja, watu arobaini na watatu. Jumla ni nyota arobaini na tatu, kwa hesabu yangu. Mama Tae-gyu ana tano tu, tena zote kapewa na mumewe. Chini ya nyota kuna maneno mengi, marefu, sijayamaliza. Wasomaji wangu wanapenda kuandika.

Mume wangu kasema majibu ya mtihani yametangazwa asubuhi. Maneno matano, halafu kanitazama sana. Nikamwambia sasa tufikirie kitabu cha pili. Nimeshalitafuta kundi: leseni ya kuendesha kreni ya bandarini. Vitabu vinne tu! Nitasimulia ya wake wa bandarini, ninayo tele, na mtihani wao ni mwezi wa nne, kwa hiyo nikianza leo

Gil-ja anaita kutoka mapokezi. Sauti yake si ya kawaida.

"Mama Ji-won, njoo hapa mbele. Kuna wanaume kumi na mmoja mlangoni wameshika kitabu chako, na nimewaambia hapa ni kwa wanawake lakini hawaondoki."

Kumi na mmoja! Na baridi hii! Maskini, wamekuja kutiliwa saini. Kalamu yangu nzuri iko