Printa Iliyoitwa Mbovu

Jumatatu, 9 Septemba

Siku kubwa! Printa mpya zimefika. Mbili za kawaida, nyeusi na nyeupe, na moja ya rangi, nene kama jokofu. Hiyo ya rangi imewekwa kwenye korido yetu, ghorofa ya pili. Hatua nane kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu.

Asubuhi Mkuu wa ofisi alitukusanya. Mama huyu haongei sana, lakini akiongea hata feni inapunguza kelele. Akasema wageni kutoka makao makuu watafika Ijumaa saa tatu, na wanataka kukuta ripoti yetu ya pampu za maji mezani, kwa rangi, nakala kumi na mbili. Akasema pia kwamba nafasi ya Msaidizi wake iko wazi tangu Juni. Anamtafuta mtu wa kuunganisha kompyuta za idara nzima na printa hizi kabla ya Ijumaa. Hapo atajua nani ni nani.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikageuka. Shemeji naye amenyoosha!

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, miaka minne iliyopita. Nilimwonyesha choo kilipo na chai inakopikiwa. Leo ananyoosha mkono. Ama kweli!

Ukweli, ambao nauandika humu tu: sijawahi kuunganisha printa maishani mwangu. Kwa miaka sita nimekuwa nikimtumia Katibu Muhtasi mafaili yangu na kumwambia kompyuta yangu ina homa. Anachapa yeye, ananiletea mezani.

Fundi wa kompyuta aligawa karatasi za maelekezo. Yangu nilimrudishia mbele za watu. Nikamwambia mambo haya yako kichwani. Shemeji alichukua mbili.

Jumanne, 10 Septemba

Nimewahi kazini. Nikafungua kompyuta, nikatafuta mahali pa printa. Ikatokea orodha. Kumi na moja! Jengo zima lina printa tano. Nyingine ni za nani? (Fundi alinieleza baadaye kwamba ni printa zilizokwisha kufa, hakuna aliyezifuta.) Majina yenyewe kama namba za magari. Nilichagua refu kuliko yote. Printa kubwa lazima iwe na jina kubwa. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikasema tayari. Kumbe ndiyo hivi tu!

Kwa majaribio nikachapa kitu cha maana: barua yangu ya kuomba nafasi ya Msaidizi. Nikaenda koridoni. Kimya. Nikarudi, nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza kwa hasira. Mara nane kwa jumla. Ya tisa kiwiko kiliteleza.

Printa niliyoichagua iko chumbani kwa Mkuu.

Saa nne akaniita. Barua tisa amezipanga mezani kama karata. Akaniuliza kwa nini tisa. Nikamwambia ni msisitizo. Akasema alidhani barua inasema mimi ni mchapakazi, kumbe nilimaanisha kazi yangu ni kuchapa. Akanirudishia nane.

Hadi jioni Shemeji alikuwa ameunganisha kompyuta sita. Anafuata ile karatasi mstari kwa mstari, kidole juu yake, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Aibu tupu. Mimi nimeunganisha moja, kwa kichwa tu. Si kosa langu kwamba imeungana pasipotakiwa.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Akaniuliza kwa nini nisimwombe mdogo wake anielekeze. Nikaendelea kula.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nilimsikia Fundi akimwambia Katibu Muhtasi kwamba jina la printa laweza kubadilishwa kwenye kile kioo kidogo cha mashine yenyewe, na jina jipya likaonekana kwenye kompyuta za watu wote. Alikuwa akilalamika. Mimi nikasikia muziki.

Saa sita, wenzangu wakiwa kwenye chakula, nikaisimamia ile ya rangi. Nikabonyeza, nikarudi nyuma, nikabonyeza tena. Kwa dakika chache ilizungumza lugha ambayo sijapata kuiona. Nikairudisha. Kisha nikaandika jina jipya: MBOVU USITUMIE.

Matokeo? Raha mustarehe. Wote walipofungua orodha waliona Mbovu, wakakimbilia ile ya mapokezi, ghorofa ya chini. Foleni mpaka mlangoni. Shemeji alipanda na kushuka ngazi mara kumi na nne. Mimi niliichagua hiyo hiyo Mbovu: hatua nane tu.

Nilichapa ratiba ya masomo ya binti yangu. Kalenda. Picha ya pampu, kwa kuwa ni nzuri. Picha yangu mwenyewe nikiwa na suti, kubwa kama mlango wa kabati. Rangi zimetoka vizuri mno. Hata masikio yamependeza.

Katibu Muhtasi aliniuliza napata wapi karatasi za rangi. Nikamwambia ni kipaji. Akaniangalia kwa jicho la pembeni.

Mpango ni huu: kesho kutwa wageni watakapokaribia na wote wamekwama kwenye foleni, nitatoa nakala kumi na mbili, za moto, kwa rangi. Shemeji atabaki kwenye ngazi akihema. Nimelala usingizi wa mchana dakika kumi, kwa furaha.

Alhamisi, 12 Septemba

Printa haipo!

Nimefika asubuhi, nikakuta alama nne za miguu yake kwenye zulia. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Nikamuuliza Katibu Muhtasi. Akasema Fundi amepita jana jioni akikagua orodha, akaona imeandikwa MBOVU, akaipakia kwenye kitoroli na kuipeleka karakana yake. Fundi gani huyu anayefanya kazi bila kuombwa?

Mkuu akatukusanya tena. Akasema amefurahi kwamba kuna mtu aliyekuwa makini, akaiandika mashine kuwa mbovu kabla haijatuaibisha mbele ya wageni. Akauliza ni nani ili ampongeze.

Nilijua ninyamaze. Mdomo nao ulijua. Mkono haukujua.

Wakanipigia makofi! Mkuu akaniuliza niligunduaje ubovu. Nikasema nilisikia harufu ya kuungua. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akamtuma Fundi aifungue yote, aitafute hiyo harufu, asiirudishe mpaka aipate.

Ameitafuta kwa muda wa saa tatu. Skrubu zimejaa sinia. Saa nane akapanda kumwambia Mkuu, nami nikiwa pale, kwamba mashine ni nzima, haijaungua popote, isipokuwa kwenye trei alikuta kitu. Akakikunjua. Ilikuwa picha yangu, ile ya suti. Kumbe nilichapa mbili.

Mkuu aliishika picha, akanitazama, akaitazama tena. Akaiweka kwenye droo yake. Sijui maana yake nini. Labda ameipenda.

Usiku mke wangu amenipigia pasi tai ya buluu, zawadi ya mama mkwe siku ya harusi yetu. Akasema kesho nivae vizuri na nitulie. La kwanza nitaliweza.

Ijumaa, 13 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili kasoro Fundi aliirudisha printa, kwa jina lake la zamani. Mfuniko wa mbele ulikuwa bado unacheza. Alinionya: karatasi ikikwama, zima kwanza, fungua baadaye. Nikamwambia nafahamu.

Shemeji alikuwa amemaliza kuunganisha kompyuta zote ishirini na mbili. Hata yangu! Aliiunganisha jana nikiwa chooni. Tukakubaliana yeye atume ripoti kutoka mezani, mimi nisimame kwenye mashine. Nilichagua hivyo kwa sababu wageni wanapita koridoni. Watamwona nani? Mtu mwenye tai.

Nakala tatu zikatoka, safi. Ya nne ikakwama. Mashine ikalia kidogo. Saa tatu kasoro dakika tisa. Nani ana muda wa kuzima? Nikafungua mfuniko, nikainama kuitafuta karatasi. Karatasi sikuipata. Mashine ikanipata mimi. Magurudumu yale ya ndani yakaidaka tai, yakaimeza taratibu, kwa adabu, mpaka pua yangu ikagusa trei.

"Shemeji!" nilipiga yowe.

"Zima! Kitufe cha pembeni!" alijibu akikimbia.

"Pembeni ipi? Sioni kitu!"

Akazima yeye. Akavuta tai. Haikutoka. Akavuta tena, nikakohoa. Akachukua mkasi mezani kwa Katibu Muhtasi, akaufungua, akasita.

"Lakini tai hii Mama alikununulia mwenyewe," alisema. "Alizunguka madukani siku nzima. Nilikuwa naye."

"Kata, Shemeji!"

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia umekata wewe! Kata, wageni hao!"

Nilikuwa nimeviona. Yaani viatu. Kutoka pale nilipokuwa niliona viatu tu, jozi sita, vimesimama kwa mstari. Jozi ya saba ilikuwa ya Mkuu. Naifahamu. Sauti ya mgeni mmoja, mzee, ikauliza huyu bwana anafanya nini. Ndipo nikamsikia Mkuu akisema, bila hata kutikisika, "Huyo ni mtaalamu wetu wa printa. Anaisikiliza."

Shemeji akakata.

Nikainuka, nikawasalimia wote kwa mkono. Tai imebaki urefu wa kidole gumba. Yule mgeni mzee alijikaza, alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Wenzake wakafuata. Mkuu akawaingiza kwenye chai, na wakati wanakunywa, Fundi akaitoa tai kwa koleo na Shemeji akachapa nakala tisa zilizobaki. Saa tatu na robo zote kumi na mbili zilikuwa mezani. Wageni wameisifu ripoti. Wamesema hawajapata kupokelewa kwa uchangamfu kama huu.

Jioni Mkuu akatangaza. Msaidizi ni Shemeji. Makofi. Nikapiga na mimi, taratibu.

Kisha akaniita peke yangu. Mezani kuna barua ya onyo, imechapwa tayari, jina langu juu. Akasema Fundi amemwonyesha kwamba jina MBOVU liliandikwa Jumatano saa sita na dakika kumi, na kwamba baada ya hapo kompyuta iliyoitumia kazi ilikuwa moja tu, yangu. Nilikuwa karibu kumwaga unga. Nikaanza kusema habari ya harufu. Akanizuia kwa kiganja. Akasema Shemeji amekuja kuniombea. Amesema mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na nikifukuzwa dada yake hataweza kulala. Akaichana barua mbele yangu, mara mbili.

Nilimkuta Shemeji kwenye ngazi. Akanitangulia kusema: "Bila wewe nisingekuwa hapa, Shemeji. Twende nyumbani." Tukaenda pamoja. Nilimbebea begi. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama mkwe amepiga simu. Anajua yote. Katika nyumba hii habari zinatoka haraka kuliko kwenye printa yoyote. Amecheka kwa muda mrefu, akasema ile tai ilikuwa mbaya tangu mwanzo, ila hakutaka kusema.

Shemeji alikuja kula mchana. Watoto wakaniomba niigize nilivyoinama. Niliigiza mara tatu. Mara ya tatu niliongeza sauti ya mashine. Mke wangu amelia kwa kucheka. Si siku mbaya.

Nimeamua: kuanzia sasa ni mtu mpya. Mkweli. Mtulivu.

Jumatatu, 16 Septemba

Mambo mapya kazini! Kuanzia leo hakuna karatasi inayotoka ovyo. Kila mtu anapewa namba yake ya siri, anaibonyeza kwenye mashine, ndipo kazi yake itoke. Shemeji, kama Msaidizi, amenikabidhi mimi daftari la namba nizigawe. Amesema ananiamini. Nimeguswa kweli kweli.

Nimezigawa zote kabla ya saa sita. Wakati nagawa, niligundua jambo dogo: mwenye namba ya Mkuu hapangi foleni. Mashine inasimamisha kazi za wengine, inachapa yake kwanza. Nami nina kazi ya haraka. Nimeandaa tangazo la masomo ya jioni: JIFUNZE PRINTA KWA MTAALAMU, na chini yake jina langu na simu yangu. Baada ya mambo ya Ijumaa, nani ana uzoefu kunizidi? Nakala mia mbili, kwa rangi. Nimebonyeza namba ya Mkuu. Zimetoka kama maji.

Fundi alipita nikizipanga. Akanieleza kwamba mfumo huu unaandika kila kitu kilichochapwa, jina la mtu na kichwa cha karatasi, na orodha inatumwa mezani kwa Mkuu kila jioni saa kumi.

Sina wasiwasi hata kidogo. Jina litakalotokea ni lake.