Kisogo cha Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Leo nimemmaliza Mwishehe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Yeye ana kioo kimoja, tena kimepasuka. Mie Gaspar sasa ninavyo viwili: cha mbele, na kingine kikubwa nyuma ya kiti. Mteja anaona kisogo chake! Temeke nzima haijapata jambo kama hilo. Bwana Sadallah anaoa Ijumaa, na atakayemnyoa yeye ndiye atakayenyoa wapambe wake wote kumi na wawili. Lazima niwe mie.

Jumanne, 4 Agosti
Sadallah amekuja kujaribu. Amekaa, ametazama kiooni. Kisha akauliza ule uwazi wa utosini ni wa nani. Nikamwambia ni wake. Akasema hakuja nao.

Miaka hamsini mtu anajiona kwa mbele tu, leo ameona upara, basi mwenye kosa ni mkasi wangu! Kufika adhuhuri wazee wengine watatu wamegundua upara wao. Wote wananidai nywele.

Kuondoa kioo? Mwishehe acheke? Abadani.

Jumatano, 5 Agosti
Nimekwenda kwa jirani yangu Mwalimu Revelian, anayefundisha sayansi shule ya kati. Akatumbukiza kitana changu kwenye glasi ya maji, kikaonekana kimevunjika. Akasema mwanga ukiingia majini hupinda. Nikauliza, je, upara wa Sadallah ukitazamwa kupitia majini? Akasema utasogea, ila hautapungua.

Hasara tupu. Lakini akaongeza kwamba mwanga ukipiga kioo kwa mshazari, huruka kwa mshazari ule ule, upande wa pili. Hapo nikamwaga chai yangu.

Alhamisi, 6 Agosti
Shemeji yangu Fransis, mchonga vinyago, ana nywele kama kichaka. Nimemketisha ubavuni, nyuma ya pazia la kanga asionekane kitini, amekipa mgongo kioo cha nyuma, shuka la kunyolea shingoni. Nikakigeuza kioo cha nyuma kidogo kidogo. Mtu akikaa kitini anaona kisogo cha Fransis, anadhani ni chake!

Nimempelekea Sadallah habari kwamba nina mafuta ya kuotesha nywele mara moja. Ni ya nazi, nimetia mdalasini.

Ijumaa, 7 Agosti
Asubuhi Sadallah amekuja na wapambe wote. Nikampaka mafuta, nikamkataza kupapasa mpaka yakauke. Akatazama kiooni. Kichaka! Machozi yakamlenga, akasema ataingia kwa mkewe kama kijana. Wapambe wakaanza kupanga foleni.

Akapita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Fransis hapitwi na kahawa. Akageuka.

Sadallah akashika mikono ya kiti. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi:

"Bwana Gaspar, kisogo changu kimenitazama."

Papo hapo kisogo kikaagiza kahawa.

Wamevuka barabara wote kumi na watatu.

Jumamosi, 8 Agosti
Nasikia harusi ilifana. Sadallah alijitazama kwa Mwishehe, kwa mbele tu, akatoka anatabasamu. Kwa kioo kimoja kilichopasuka! Sielewi watu wanampendea nini yule bwana.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Kosa ni Fransis. Nimeshaongea na Nikodemu, mgema: nywele tele, na tangu aanguke mnazini shingo yake haigeuki hata akiitwa kula. Anaanza Jumatatu.