Mwezi Haujasaini Mkataba Nasi

Jumatatu, 24 Ramadhani

Leo zimepotea oda arobaini na tatu. Si mimi niliyezipoteza, ni mfumo. Lakini mfumo nimeutengeneza mimi, Abdulatif, kwa hiyo Mzee Hashil hakuona tofauti.

Mzee Hashil anashona kanzu na abaya Kariakoo. Ghorofa mbili, mafundi kumi na wanne. Mwaka huu nimemwekea mfumo wa kompyuta. Unapokea oda, unawapangia mafundi kazi, unamtumia mteja ujumbe nguo ikiwa tayari. Oda mia sita na kumi na mbili! Kila nguo ina namba tu. Majina na vipimo viko ndani ya mfumo. Zamani dada yake Mzee, Bi Mauza, alikuwa akibana vikaratasi vya majina kwenye nguo kwa pini. Nimemshawishi aachane navyo. Kavitia vyote kwenye mfuko, na kila jioni anachota kidogo kuwashia mkaa wa futari.

Sasa arobaini na tatu hazionekani. Mzee kaniambia kwa sauti ya chini, ambayo inatisha kuliko kelele: miaka thelathini na moja hakuna mtoto aliyekwenda kuswali Idi na kanzu ya mwaka jana kwa sababu ya duka lake. Akitokea hata mmoja, anashusha kibao cha duka na kufunga. Nimemwahidi hitilafu itakwisha kesho. Ulimi wangu huu!

Jumanne, 25 Ramadhani

Zamzam kaiona hitilafu kwa dakika nne. Zamzam ndiye mwenzangu ofisini, chumba kimoja Mchafukoge, juu ya duka la masufuria. Mimi nilikuwa nimekodoa macho tangu alfajiri. Yeye kaja, kavua viatu, kasoma, kaweka kidole. Sijui Mungu aliwagawia watu akili kwa kipimo gani.

Kisa chenyewe: mteja akisema atachukua nguo siku moja kabla ya Idi, Bi Mauza anaandika hivyo hivyo. Mfumo ukatafuta Idi ni lini, haukupata, ukazificha oda. Neno analolijua kila mtoto wa chekechea limeishinda kazi yangu ya miezi mitano. Nimelistaajabia kosa hilo kwa muda mrefu.

Zamzam kapendekeza tarehe tuiache wazi, tuweke kitufe. Mwezi ukiandama, mtu abonyeze. Nimekataa. Mfumo unaosubiri mtu atoke nje kutazama juu ni mfumo gani? Akasema, "Kaka, mwezi haujasaini mkataba nasi." Nikamkumbusha kwamba Mkurugenzi wa Mifumo ni mimi. Nina kadi mia mbili zinazosema hivyo.

Tarehe nimeichukua kwenye kalenda ya ukutani, ya duka la nondo na mabati. Idi ni Jumapili. Oda zote zikarudi! Zilipanda kwenye skrini moja moja, na majina yake, na mabega, na urefu wa mikono. Nilisimama. Machozi yalinilengalenga, na sioni haya kuandika.

Alhamisi, 27 Ramadhani

Siku tukufu. Mfumo haujakosea hata mara moja. Nimeongeza ubunifu wangu mwenyewe: siku ya Idi, saa kumi na mbili asubuhi, mfumo utajifunga na kuwatumia wateja wote salamu. "Idi Mubarak. Duka limefungwa. Kula, kunywa, furahi!" Bila mtu kugusa kitu! Mzee Hashil kasoma mara mbili, kavua miwani, kasema mashallah.

Zamzam bado anataka kitufe chake. Nimembaini akinyemelea. Nimefunga sehemu ya tarehe kwa neno jipya la siri, refu, ambalo hata mimi siwezi kulikumbuka. Karatasi haikuwepo karibu. Nimeliandika nyuma ya kikaratasi kimoja cha Bi Mauza, nikakirudisha kwenye ule mfuko wa kuwashia mkaa, katikati ya vingine mia tano. Nani atakitafuta huko?

Nimemjaribu pia Bi Mauza. Nikamuuliza oda namba mia tatu na kumi na nane ni ya nani. Bila kuinua macho kasema, "Ya Mbaruku wa Upanga, mwanangu. Bega lake la kushoto limeshuka kidogo, na kola hataki." Nilipogeuka, skrini ilikuwa bado inazungusha kiduara. Baadaye ikasema vilevile. Nimemwambia kompyuta ni ya uhakika zaidi. Usiku huu siwezi kujidanganya: nywele zilinisimama.

Jumamosi, 29 Ramadhani

Karibu Magharibi nimepanda juu ya paa la jengo letu. Wapangaji wote walikuwa huko, na watoto, na sahani za tende. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitazama upande mmoja bila simu. Mawingu yalijaa kutoka Magogoni mpaka Upanga. Mbingu ni kubwa mno! Nimefanya kazi chini yake miaka yote hii na sikuwahi kuitilia maanani.

Nilikuwa na mpango. Kama hakuna atakayeuona mwezi, nitauona mimi. Nikanyoosha kidole, nikapaza sauti kwamba ule pale! Watu wakageuka. Ilikuwa taa ya mnara wa simu. Msichana wa miaka kama sita kaniuliza kwa heshima zote kama mwezi huwa unawaka na kuzima.

Tangazo likatoka redioni: mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha thelathini.

Nimekimbilia dukani kubadilisha tarehe. Mfuko wa vikaratasi ulikuwa mtupu. Bi Mauza kaniambia mkaa wa leo ulikuwa na unyevu, ikabidi avimalize vyote. Mishikaki ilikuwa mizuri sana, kasema. Kaniwekea miwili.

Nimeila. Nimejiambia pengine mfumo wenyewe utaelewa.

Jumapili, 1 Mfungo Mosi – hapana, 30 Ramadhani

Tazama, hata shajara yangu imekosea! Niliandika tarehe hiyo juu tangu Alhamisi.

Mfumo haukuelewa. Saa kumi na mbili kamili ulijifunga, ukawaambia wafungaji zaidi ya mia sita wale na wanywe. Kumi na mmoja walitii. Mzee Mbaruku wa Upanga alikunywa chai ya maziwa na kula vitumbua vitatu kabla mkewe hajamkamata. Alikuja na bajaji mpaka mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akakataa kuitikia marahaba mpaka nimweleze mimi ni nani mpaka nitangaze Idi. Siku yake lazima ailipe, kasema, na hailipi peke yake. Nitafunga naye. Na wala vitumbua vyenyewe havikuwa vitamu.

Nje watu walijaa mtaa mzima wakidai nguo zao. Ndani nguo mia nne zilizobaki zilining'inia, kanzu nyeupe na abaya nyeusi, na namba zisizosema chochote. Skrini inasema Idi Mubarak. Mzee Hashil hakunigombeza. Alitoka nje, akakitazama kibao cha duka lake, akamwuliza jirani kama ana ngazi ya kuazima.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Bi Mauza akavuta kigoda, akaketi mlangoni. Akasema waje mmoja mmoja. Alimtazama mtu usoni, kisha mabega, kisha akaita: ile ya tatu mstari wa nyuma, yenye uzi wa rangi ya maziwa. Mtu akavaa. Ikamkaa! Akaja mwingine. Ikamkaa! Hata kanzu ya mtoto aliitoa kwa kumtazama baba tu, maana mtoto aliachwa nyumbani. Mafundi waliacha vyerehani wakaja kutazama. Mimi nilikuwa mbeba hanga, na ninaapa sijawahi kupata cheo kikubwa kuliko hicho. Mia nne! Hakukosea hata moja.

Adhuhuri Zamzam akaufungua mfumo. Kumbe kila jioni huweka nakala, na ile ya Jumanne ilikuwa na kitufe chake ndani, tayari, kimekaa kimya kinatusubiri. Oda za baada ya hapo akaziingiza upya kwa mkono, Bi Mauza akimtajia kutoka kichwani huku anagawa nguo. Mkurugenzi wa Mifumo hakuulizwa neno.

Magharibi Mzee Hashil kampa Bi Mauza heshima ya kubonyeza. Zamzam kamwambia leo hakuna haja ya kutazama, thelathini zimetimia. Bi Mauza katoka nje hata hivyo. Tukamfuata. Ulikuwepo, juu ya nyaya za umeme, mwembamba. Bi Mauza kautazama kwa muda, karudi ndani, kabonyeza. Salamu zikaondoka. Simu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mbaruku, akiuliza kama hii ni ya kweli.

Kibao kipo. Ngazi imerudishwa kwa jirani.

Jumatano, 3 Mfungo Mosi

Nimefunga leo na Mzee Mbaruku, barazani kwake Upanga. Tangu asubuhi ananieleza vitumbua vinavyopaswa kuwa. Bado wale kumi wengine, na wawili wameshapiga simu.

Mzee Hashil kamwomba Zamzam awe msimamizi wa mfumo. Nimempongeza kwa moyo mmoja. Watu wawili wale, yeye na Bi Mauza, wamenifundisha unyenyekevu. Kadi zangu nimezitia kwenye mfuko wa kuwashia mkaa. Nimebakiza ishirini tu.

Zimebaki kwa sababu leo nimepata mteja wangu mwenyewe! Sadalla, muuza mbuzi. Anataka mfumo wa oda za Idi ya kuchinja, na ana haraka. Tarehe nimeshaiweka. Safari hii sikubahatisha: nimelinganisha kalenda mbili, na zimekubaliana kabisa. Zote mbili ni za duka la nondo na mabati.

Ujumbe utaondoka wenyewe saa kumi na mbili asubuhi: "Idi Mubarak. Mbuzi wako tumeshamchinja." Neno la siri nimeliandika kwenye kamba ya shingo ya beberu mmoja mweusi, mkubwa. Sadalla anasema huyo hauzwi kirahisi.