Kopo Langu na Soko Huru

Jumatatu, 3 Juni
Moyo unanidunda! Mtaalamu wa uchumi kasema redioni serikali ikitoa mkono sokoni, watu watanawiri. Ushuru unadumaza! Kanuni zinafunga mikono! Bei iachwe ijitafute! Mengine yalinipita, shule niliishia darasa la nne, lakini niliyoyashika yanatosha. Anayenifunga mikono namjua. Bwana Soko! Kila asubuhi analeta tiketi za ushuru, kisha anakagua kama kopo langu la kupimia maharage lina muhuri wake. Kopo langu mwenyewe! Nikiwa huru nitamsomesha binti yangu mpaka chuo. Sasa hivi tunaning'inia kwa mpishi wa shule ya bweni tu, ananunua kwangu kila Ijumaa. Akiondoka yule, ada hakuna, binti anaacha shule.

Jumanne, 4 Juni
Nimehutubia soko! Nimepanda juu ya gunia! Wamepiga vigelegele. Bi Tabasamu, jirani yangu, naye muuza maharage, kauliza na lile tabasamu lake tangu lini nimekuwa waziri. Nikamjibu hata waziri kazaliwa na mwanamke. Bwana Soko kasikiliza hadi mwisho. Kasema kumbe anatuchosha, basi anakwenda kumsalimia mama yake, tujitawale. Kafunga ofisi, huyo! Jioni binti kauliza nikipunjwa nitamlilia nani. Nimemwambia anipishe nipike.

Jumatano, 5 Juni
Uhuru mtamu jamani! Hakuna tiketi, hakuna muhuri. Nimeshusha bei. Na ili nisiumie, nimegonga kitako cha kopo kwa mchi, kikaingia ndani kidogo. Kidogo tu, kwa huruma. Wateja wamefurika! Mchana Bi Tabasamu naye kashusha. Nikanyemelea kulichungulia kopo lake. Kitako kimeingia kuliko changu! Mwizi mkubwa! Mimi nimegonga kwa akili, yeye kwa tamaa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimegonga tena. Bi Tabasamu naye kagonga tena. Soko zima linalia kama karakana ya mabati. Kopo langu sasa ni kisahani chenye kiburi. Bibi mmoja kauliza anapimiwa maharage au dawa ya kikohozi. Nikamwongezea konzi ya maharage. Kisha konzi nyingine, maana alinikumbusha mama yangu. Hasara tupu! Lakini huu ndio ushindani wenyewe. Nimechangamka mno, sijala.

Ijumaa, 7 Juni
Mama yangu mzazi! Mpishi wa shule kaja, kageuza kopo langu, kacheka mpaka kashika kiuno. Kageuza la Bi Tabasamu, kakaa chini kabisa. Kisha kanyanyuka, kaenda dukani kwenye mizani. Nimemkimbilia na kiatu kimoja. Nikamwambia mwanangu, usinifanyie hivi, mimi mama yako. Kasema ananiheshimu sana, ila kopo langu halimheshimu yeye. Atarudi akiona muhuri. Nimelia hadharani. Bi Tabasamu kaniletea kile kiatu kingine. Hakutabasamu.

Jumamosi, 8 Juni
Tumekwenda wote wawili kwa mama wa Bwana Soko. Tumemkuta bwana mkubwa anaziba banda la kuku. Nimemwita baba, mjomba, mpaka babu. Mama yake katuuliza, shikamoo hajaitikia, kama ushuru huwa tunalipa. Tukainamisha vichwa kama watoto. Bwana Soko kasema atarudi, lakini makopo mapya tununue wenyewe, na banda tumalizie sisi.

Ijumaa, 14 Juni
Muhuri upo, mpishi karudi, binti yuko shuleni! Nimelipa ushuru huku nachekacheka. Bwana Soko kaniangalia kwa wasiwasi.

Jumamosi, 15 Juni
Nimesoma gazeti la kufungia maharage. Silabi kwa silabi, lakini nimesoma! Linasema mali ya wote haina mwenyewe, apewe mtu binafsi itunzwe. Nikaruka! Bomba la maji la soko linavuja kwa nini? Ni la wote! Linataka mtu mmoja mwenye uchungu nalo, na mimi uchungu ninao tele. Nimemweleza Bwana Soko. Kaomba likizo. Bi Tabasamu kasema nisithubutu. Wivu huo! Kufuli nimeshanunua.