Chumvi kwenye Njia ya Moto

Jumanne, 1 Oktoba 1996. Kibaoni.
Mwezi wa tano tangu niondoke Kibondo. Mke wangu Générose anajifungua mwezi huu, mtoto wa kwanza, nami niko huku nafyeka pori la mtu. Mzee Ndaki kasema shamba lake jipya likishachomwa, naenda zangu. Nikamwambia kesho nachoma. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema wewe Muha, hapa moto una wenyewe, nenda kwa Mama Pudensiana.

Huyo ni mwenyekiti wa kitongoji. Nilimkuta anapepeta mpunga, hakuinua hata kichwa. Akasema kwanza nilime njia ya moto kuzunguka shamba lote, upana hatua sita, udongo mtupu, moto usivuke. Halafu aje akague. Halafu majirani waje na matawi mabichi na ndoo za maji. Halafu niwashe jioni, upepo ukitulia. Nikauliza, na mwenye haraka je? Akasema mwenye haraka wa mwaka jana alichoma ghala la shemeji yake.

Hatua sita! Ardhi yenyewe ngumu kama sakafu ya kanisa.

Alhamisi, 3 Oktoba.
Nimelima mpaka kwenye kichuguu tu. Mgongo umekufa. Shamba la pili yupo Yohani, kibarua kama mimi, Mfipa, mikono kama sepetu. Kamaliza upande mzima na bado anapiga miluzi. Nikamshauri kwa upole kwamba mpaka wetu ni mmoja, akilima yeye tumelima wote. Akasema sawa kaka, na mimi nikila ugali tumeshiba wote.

Simpendi.

Lakini nimepata akili. Ng'ombe! Ng'ombe wa mzee wanapenda chumvi kuliko uhai. Ukiimwaga chini wanalamba, wanakanyaga, wanafukua kwa kwato, panabaki udongo mtupu. Bila jembe! Nimemwomba Mama Kija, mke wa mzee, chumvi ya mboga. Kaniuliza mboga gani inakula kopo zima. Nikasema kisamvu.

Jumamosi, 5 Oktoba.
Walikuja. Mungu wangu, walikuja! Palipo na chumvi nyingi wamefukua shimo. Palipo na chumvi kidogo wamelamba wakapita, nyasi zimelala tu. Madume mawili yakapigana, nikapanda mti. Yohani kaniuliza kutoka chini kama huko juu nako kuna njia ya moto.

Nimetupia vumbi juu ya zile nyasi. Ukitazama kwa mbali, safi kabisa. Mama Pudensiana anakuja kukagua Jumatatu. Yeye hatazami kwa mbali.

Jioni msafiri kaleta habari kwamba Générose kahamia kwa mama yake, karibu na zahanati. Kwa hiyo siku zimefika.

Jumapili, 6 Oktoba.
Nimechoma.

Wote walikuwa kanisani. Saa sita mchana, jua kali. Mwanzoni moto ulikuwa na adabu. Halafu upepo. Ukafika kwenye zile nyasi zenye vumbi, ukapita kama umekaribishwa. Ukaingia kwenye ngitili ya mzee, yale malisho anayoyafunga tangu masika ili ng'ombe wale mpaka mvua zirudi. Nikakimbia na tawi moja, mtu mmoja! Watu wakatoka kanisani wakipiga yowe. Upande wa pili moto ulikuwa unaelekea kwenye nyumba. Ukafika kwenye njia ya Yohani, ukasimama kama umeona askari.

Nyumba zimepona. Ngitili imekwisha.

Yohani kaunguza shati la Jumapili akizima moto. Kalivua, kalikunja, karudi kuzima vigogo. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 8 Oktoba.
Mkutano. Mama Pudensiana kasema mahakamani hanipeleki, maana huko nitakaa kivulini. Nimechoma chakula cha ng'ombe, basi niwalishe mimi. Kila siku niwapeleke bondeni, mbali, mpaka nyasi za ngitili ziote tena. Mzee Ndaki kaniuliza tu amwambie nini yule ng'ombe aliyezaa juzi.

Jumatano, 16 Oktoba.
Kazaa! Msichana! Wote wazima. Nimelia mbele ya ng'ombe. Générose kaagiza kwamba mtoto hapewi jina mpaka baba afike.

Nyasi zikiota niko huru. Leo nimepita kwenye ngitili, na kwenye majivu nimeona vichipukizi vya kijani, hata mvua bado! Kumbe panapochomwa ndipo panapoota haraka. Sasa, ng'ambo ya kijito kuna nyasi kavu nyingi, sijaona mtu akizitumia. Nikizichoma kesho, ng'ombe wana malisho mapema, mzee anafurahi, mimi naachiwa. Mama Pudensiana ana kazi nyingi, sitamsumbua. Na kijito si ndiyo njia ya moto yenyewe? Hakina maji, lakini upana kinao.

Mwisho wa mwezi niko Kibondo. Jina nimeshalifikiria.