Mwezi wa Sufi

Jumatatu, 8 Juni

Wiki ya maonyesho imeanza. Idara nzima ya sanaa inatembea kama watu walioamshwa kabla ya wakati. Kwenye ngazi vimepangwa vichwa vya udongo vikauke, na mara mbili nimejikuta nikiviamkia. Ghorofani mtu anapiga noti moja ya fidla tangu asubuhi. Moja tu. Nimeanza kuipenda.

Leo tumegawiwa kazi za mchezo wa kufunga muhula. Muhula uliopita nilifeli, na Bi Miwani, mhadhiri wetu wa jukwaa, amenikumbusha mbele ya wenzangu. Kasema safari hii anataka kuona kitu kimoja, kimoja tu, kilichotoka mkononi mwangu na kikafanya kazi yake. La sivyo, kwaheri. Na kwaheri maana yake ni karakana ya mjomba: magodoro kutwa, sufi puani, na mjomba akihubiri kuwa godoro halidanganyi. Nimekulia mle. Sirudi.

Nimepewa kutengeneza mwezi. Katika mchezo, mfalme mzee ananyang'anywa kiti, anatangatanga porini, mwisho anakufa chini ya mwezi mpevu unaovutwa juu kwa kamba. Basi. Hata neno moja la kusema sina. Mfalme mwenyewe ni yule bwana wa mwaka wa tatu anayeigiza wafalme kila muhula, hadi tunamwita Mfalme na anaitika. Kantini kaniuliza kama mwezi wangu utaweza kutulia wakati yeye anazungumza.

Nilikuwa na jibu zuri sana: kwamba mwezi haupigwi marufuku kung'aa. Bahati mbaya limenijia nikiwa peke yangu, njiani kurudi bwenini.

Jumanne, 9 Juni

Mwezi wa mwaka jana ulikuwa ubao wa duara uliopakwa chokaa. Bapa kama sinia. Mimi nataka mwezi wenye mwili.

Nimechukua shuka zangu, halafu za Kobe, ninayeishi naye chumba kimoja. Kobe aliuliza atalalia nini. Nikamwambia asijishughulishe na mambo madogo. Yeye ndiye atakayevuta kamba. Ni mtu mpole, kila jambo kwake ni taratibu, ndiyo maana nimemchagua. Mwezi haukimbii.

Sufi nimeipata stoo ya mavazi, kwenye mito mizee isiyotakiwa na mtu. Nimeshona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, niliyotoka nayo nyumbani sijui kwa nini. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya meza za studio. Vumbi la chokaa linaelea, mikono inakwenda yenyewe, mimi nawaza mengine. Kufika jioni, mwezi huo! Mnene, mweupe, umejaa kila upande.

Nikalala juu yake kupima umbo. Kidogo tu. Nikaota watazamaji wameinuka kutoka vitini na wanaelea polepole darini, wananiita, na chini yao Mfalme ameshika viatu vyangu. Nilipofumbua macho Bi Miwani alikuwa amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 11 Juni

Mazoezi ya mwisho. Balaa.

Jukwaani kila mwigizaji ana alama yake ya utepe sakafuni, ajue pa kusimama ili taa zimpate. Ya Mfalme ni ya njano. Haangalii hata chini, miguu inajiendea. Sasa leo kasimama pale, mwezi ukapanda nyuma yake, na kichwa chake pamoja na taji vikakaa katikati kabisa ya mwezi. Kilichobaki ni ukingo mweupe kumzunguka, kana kwamba nimeshona kofia. Bi Miwani kasema picha imependeza. Mfalme kashukuru, kwa niaba yake mwenyewe.

Yaani mtihani wangu umefichwa nyuma ya kisogo cha mtu!

Nimemfuata kwa adabu zote. Nikamwomba asogee kidogo tu. Akajibu kuwa mfalme hasogei, husogelewa. Nimekunywa maji, nimehesabu pumzi, nimesema haya. Asiyetaka kuhama huhamishwa.

Ijumaa, 12 Juni

Asubuhi maonyesho ya picha yamefunguliwa. Wageni wanapita kwenye korido wakinong'ona, kama wanaogopa kuziamsha picha. Wote wakiwa huko, mimi nikaingia ukumbi wa michezo.

Ukumbi mtupu ni kitu kingine. Viti vimekunjwa, taa moja inawaka, harufu ya rangi na mbao. Nilikaa pale kitambo bila kufanya lolote. Nikaona wazi kwamba naweza kuishi humu maisha yangu yote, hata kama kazi yangu ni kukaa tu. Nilifurahi mpaka nikahuzunika.

Kisha nikabandua utepe wa njano, nikaupeleka nyuma, karibu na pazia la mwisho. Hapo mwezi utakuwa juu ya kichwa chake, si nyuma yake. Taa itampata nusu. Mimi si mtu mbaya, hiyo nusu nimemwachia.

Na nimemwambia Kobe kesho asiifunge kamba kwenye kigingi. Aishike kwa mikono, mwezi utikisike kidogo, uonekane unapumua.

Jioni mjomba kapiga simu. Kesho anakuja kutazama. Anakuja na pikapu, kasema, ili mambo yakienda mrama tupakie virago vyangu moja kwa moja. Mjomba ni mtu wa mipango. Sikula.

Jumamosi, 13 Juni



Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Mjomba alikuwa mstari wa mbele na koti lake la harusi. Mfalme akaingia, miguu ikatafuta njano, ikaenda nyuma. Hakushtuka. Mwezi ukaanza kupanda. Polepole, kazi ya Kobe. Ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Nami, nikiwa nimejificha pembeni ya jukwaa, nililia. Sikutegemea kitu nilichokitengeneza kiwe kizuri hivyo.

Mfalme akaanza kuaga dunia. Hotuba ile ni ndefu, na akiona anasikilizwa huirefusha. Mwezi wa sufi si mwezi wa ubao, una uzito wa godoro la watu wawili. Mikono ya Kobe ikachoka, na hata kuchoka Kobe huchoka taratibu. Mwezi ukaanza kushuka. Mfalme, macho kafumba, anaiuliza mbingu kama bado inamkumbuka. Mbingu ikamgusa taji. Ikamgusa mabega. Akanyamaza, akapiga magoti, akajilaza, na mwezi ukamfunika wote, vikabaki viatu.

Kimya.  Halafu mtu mmoja akaanza kulia huko nyuma, kisha ukumbi wote ukasimama na kupiga makofi.

Baadaye, juu ya jukwaa, mtahini mgeni alisema hajawahi kuona mbingu ikimfunika mtu kama mzazi anavyomfunika mtoto aliyelala. Akauliza wazo ni la nani. Mfalme, sufi imemjaa nyweleni, akainamisha kichwa na kusema mawazo humjia tu akiwa mazoezini.

Hapo nikawaka. Nikasema wazo ni langu. Mfalme akaomba ushahidi. Nikautoa! Nikaeleza yote kwa vitendo: jinsi nilivyoingia ukumbini, nilivyobandua utepe, nilivyoupeleka gizani, nilivyomkataza Kobe kigingi. Nikampeleka mtahini hadi pale gundi ya zamani ilipobaki, aiguse kwa kidole. Nilikuwa nimeshinda kabisa. Ndipo Mfalme akaniuliza, kwa upole, kama nilikusudia mwezi ushuke. Nikasema sikukusudia, uliponyoka wenyewe.

Bi Miwani akavua miwani. Nilitamani mwezi unifunike na mimi.

Mjomba peke yake hakuwa akisikiliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya mwezi, anapapasa mshono. Akaniuliza nani alinifundisha kuficha fundo kwa ndani. Nikamwambia ni yeye.  Aliendelea kuupapasa ule mshono, na macho yake yalikuwa yamelowa. Aibu na furaha zilinishika pamoja, nikashindwa kujua niitikie ipi.

Jumapili, 14 Juni

Hukumu imetoka. Bi Miwani kaniita ofisini, mjomba kanisindikiza. Kasema mwezi umefaulu, mkono umefanya kazi. Ila mwenye mkono ni kesi nyingine. Nimebakizwa chuoni kwa sharti: muhula ujao nisiguse taa, rangi, kamba wala utepe. Nitavuta pazia. Nafungua mwanzo, nafunga mwisho. Mfalme aliulizwa kama ana pingamizi. Akasema hata mfalme huhitaji mtu wa mlangoni.

Mjomba kaapa mbele ya Bi Miwani kuwa nimesikia. Mimi pia nimeapa. Kisha kaomba auchukue mwezi, mgongo unamsumbua siku hizi. Tumeupakia kwenye pikapu badala ya virago vyangu. Nilisimama langoni nikautazama ukiondoka mchana kweupe, ukiruka kidogo kwenye kila tuta, hadi ukapotea nyuma ya miti. Kobe akaniuliza kama shuka zake zitarudi.

Nimemwomba Mfalme radhi. Kwa moyo wangu wote. Kanipa mkono, akasema yaliyopita si ndwele. Nimekuwa mtu mwingine, nahisi mwepesi. Sina hila, sina kinyongo na mtu.

Jioni nikaenda ukumbini kulizoea pazia. Zito, jekundu, linateleza bila sauti. Nikafungua. Nikafunga. Nikafungua tena, huku nikiisoma taratibu ile hotuba ya Mfalme ya mwisho, nipate kipimo cha muda tu. Likifungwa kwenye sentensi ya tatu, linapendeza ajabu.